Jina la Tisa, Safu ya Kushoto

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mna bahati ambayo sijui niwape pongezi au pole kwa ajili yake. Mkiburuta picha kwenye skrini, mstari mwembamba wa waridi unajitokeza wenyewe kuwaambia kwamba picha imefika mahali pake, imelingana na kichwa kilicho juu na kisanduku cha maandishi kilicho chini. Mnaachilia kidole, kazi imekwisha. Sisi tulilipata hilo kwa rula ya chuma, wembe na gundi, na vidole vyangu viwili vya kushoto bado vina alama za masomo hayo.

Nimepanga kurasa kwa miaka ishirini na mitatu, mingi yake katika chumba cha mbele cha nyumba ya zamani ya kanjo, baraza la jiji, hapa Makadara, Nairobi, chenye kompyuta mbili, printa moja yenye hasira na dirisha la kuongea na wateja. Mwaka huu nimefunga. Watu wakiniuliza sababu nawaambia macho yamechoka, nao wananionea huruma na kunitajia daktari. Nyinyi nitawaambia ukweli, kwa kuwa mtakaa kwenye kiti kinachofanana na changu. Sitarajii kwamba kuwaambia kutazuia lolote. Nawaambia tu.

Nilitoka chuo kikuu na digrii ya falsafa, kitu ambacho mtaani kilinipatia jina la Profesa na hakikunipatia kingine chochote. Baada ya mwaka mzima wa kutembeza bahasha, nilichukuliwa na Bi. Wanjiru, mwanamke wa Kiambu aliyekuwa na duka la uchapaji upande wa Muthurwa. Aliiangalia digrii yangu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, akanirudishia.

"Falsafa inajua kukata pembe mraba?" aliuliza.

Nikasema tunaweza kujaribu. Hapo ndipo kovu la kwanza lilipotoka.

Kompyuta ilipoingia dukani kwake, alinipa mimi kwa sababu nilikuwa kijana na vijana, aliamini, huzaliwa wakijua. Wiki ya kwanza nilipewa kadi ya harusi. Nilikuwa nimeambiwa kuna kitufe cha kupeleka vitu katikati, na kadi ya harusi nzuri ni ile ambayo kila kitu kiko katikati, kwa hivyo nikachagua kila kitu kwa pamoja nikabonyeza. Kikafanya nilichokiambia. Bwana harusi, bibi harusi, wazazi wa pande mbili, mchungaji na ramani ya kufika ukumbini vyote vilipandana katikati ya karatasi, kimoja juu ya kingine, fungu moja jeusi. Kwa hofu nikahifadhi, nikafunga, nikajidai nimemaliza.

Bi. Wanjiru aliifungua kesho yake.

"Profesa," akasema, "umewaoza wote pamoja."

Kwa hivyo somo la kwanza: kitufe cha kulinganisha hakijui unalinganisha na nini. Kinaweza kulinganisha na karatasi, na vitu vyote ulivyochagua, au na kitu kimoja ulichokiteua kiwe kiongozi wa wengine. Ukikibonyeza bila kukiambia, kitachagua chenyewe, nacho hakina aibu. Somo la pili: usiamini kipimo kuliko jicho. Duara likiwekwa sawasawa na mraba kwa vipimo, litaonekana dogo na limepungukiwa. Litoe nje kidogo. Bei zipangwe kwa upande wa kulia, ili mamia yakae chini ya mamia. Mtu aliye pichani aangalie ndani ya ukurasa, akiangalia nje msomaji naye atatoka. Na usijaze nafasi kwa kubonyeza kibonye cha nafasi mara kumi na saba. Nimewaona mkifanya hivyo. Mungu anawaona pia.

Lakini somo kubwa la Bi. Wanjiru, lile aliloniachia kama mtu anavyoachiwa shamba, lilikuwa la kufinya macho. Ukimaliza ukurasa, alisema, rudi nyuma hatua mbili, finya macho mpaka maandishi yageuke ukungu. Usisome. Ukisoma, umeshindwa.

"Maneno ni ya mwenye kazi," alisema. "Yako wewe ni weusi na weupe. Angalia weusi umekaa wapi, weupe umekaa wapi. Na safu mbili zikianza pamoja, zimalize pamoja. Ukiacha moja ikiwa ndefu, ukurasa unachechemea."

Nilikuja kuwa hodari sana wa kufinya macho. Wateja waliingia dukani kwangu na daftari zilizochorwachorwa wakatoka na kurasa zilizotulia kama maji ya beseni. Hilo ndilo nililokuwa nikijivunia. Wenzangu wa darasa la falsafa walikuwa maofisini kwa watu wakubwa. Mimi nilikuwa na safu zinazomaliza pamoja.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Kazi ya duka la Eastlands si ile mnayoiona kwenye mashindano ya wabunifu. Ni kadi za michango, vibandiko vya saluni, menyu za hoteli za chapati na maharagwe, na mazishi. Mazishi zaidi ya yote. Familia nyingi za hapa asili yao ni magharibi, baba alikuja kwa kazi ya reli au ya kanjo, na akifa anarudishwa nyumbani kuzikwa. Kunakuwa na wiki mbili za mikutano, kisha basi linaondoka na mwili, na kijitabu cha mazishi lazima kiwe ndani ya basi hilo. Kina picha ya marehemu kwenye jalada, ratiba, wasifu, nyimbo, na ukurasa wa familia.

Ukurasa wa familia ndio ninaotaka muuangalie. Sisi tunauona kama orodha. Kule nyumbani si orodha. Kabla jeneza halijateremshwa, mtu mmoja wa ukoo husimama na kijitabu mkononi na kuusoma kwa sauti mbele ya watu wote. Anasema, "Watoto wa marehemu," kisha jina baada ya jina, na kila anayeitwa anasimama na kwenda mbele, kando ya jeneza, ili umati umwone. Aliyesomwa pale ni mtoto. Nimezama katika kazi hii miaka mingi na nilikuwa nikiijua desturi hiyo vizuri kabisa. Niliijua kama vile mtu anavyojua kwamba waya wa stima unaua.

Alasiri moja ya Jumatano alikuja mzee anayeitwa Wekesa. Kaka yake mkubwa, Mzee Barasa, fundi wa reli aliyestaafu, alikuwa amefariki na kuacha nyumba Kayole yenye vyumba vya kupangisha nyuma. Familia ilikuwa imemtuma Wekesa kushughulikia kijitabu. Alikuwa na karatasi mbili za daftari alizoziandika kwa mkono, mwandiko mzuri wa kizamani, kila herufi imelala upande mmoja.

Kwenye orodha ya watoto kulikuwa na majina tisa. Aliweka kidole juu ya la tisa, na hakukiondoa.

"Huyu ni Nekesa. Kaka alimzaa nje," akasema polepole. "Mama yake alikufa zamani. Ndiye amemuuguza kaka miaka minne, anaishi kile chumba cha nyuma. Kumekuwa na maneno, Profesa. Maneno mengi. Juzi ndio mjane mwenyewe amekubali mbele yetu sote, asomwe na wenzake. Muweke mwisho. Lakini muweke."

"Nimemuweka, mzee," nikasema, na nilikuwa nikiandika jina lake wakati huo huo.

Na kweli nilimuweka. Kwa muda wa kama saa moja, jina la Nekesa lilikuwa mahali pake, chini ya neno "Watoto", nafasi ya tisa, safu ya kushoto. Safu ya kulia ilikuwa na kichwa "Ndugu na Jamaa", majina saba. Kila jina nilikuwa nimeliwekea kisanduku chake na picha ndogo ya jani pembeni, mtindo niliokuwa nimeubuni mwenyewe na kuupenda kupita kiasi.

Wekesa alitoka kwenda kunywa chai. Mimi nikarudi nyuma hatua mbili, nikafinya macho.

Ukurasa ulikuwa ukichechemea. Upande wa kushoto mguu ulikuwa mrefu, upande wa kulia mfupi, tisa kwa saba. Nikakishika kisanduku cha mwisho cha kushoto, nikakivuta hadi mwisho wa kulia. Nane kwa nane. Nikachagua vyote, nikalinganisha kingo, nikagawa nafasi sawasawa. Majani kumi na sita yakakaa kama askari kwenye gwaride.

Mtauliza nilifikiria nini. Sikufikiria. Sikusoma, nilitazama. Kisanduku kile hakikuwa mtu, kilikuwa uzito mdogo mweusi uliokuwa upande usiofaa. Na nawaambia hili kwa aibu yote niliyo nayo: nilipomaliza niliegemea kiti, nikafurahi.

Wekesa aliporudi nilimpa nakala ya kukagua. Alifungua jalada, akaiona picha ya kaka yake akiwa kijana na kofia ya reli, machozi yakamtoka. Akapitisha macho kwenye jina la askofu kuhakikisha limeandikwa sawa, kwa sababu hilo ndilo watu huliogopa zaidi.

"Chapa," akasema, akijifuta kwa kiganja. "Umetuheshimu."

Miezi minane ilipita. Sikumfikiria Nekesa hata siku moja, maana sikujua kuna la kufikiria. Kisha asubuhi moja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, koti la kiwandani bado mwilini, alisimama dirishani na kijitabu kilichokunjwa mkononi.

"Ni hapa mlichapa hii?"

Nikakitazama, nikalitambua jani langu. "Ni hapa. Unataka zingine?"

"Sitaki zingine. Nataka kuuliza ni nani alikuja hapa kubadilisha."

"Kubadilisha nini, dada?"

Akafungua ukurasa wa familia, akaweka kidole. Mahali pale pale, yaani kwenye jina lile lile, lakini upande wa kulia wa ukurasa.

"Mimi ndiye huyu. Baba mdogo Wekesa anaapa aliandika niko na watoto. Sasa kuna mtu alipita nyuma yake. Ni Mama Sylvia? Ni Sylvia mwenyewe? Niambie tu, Profesa, sitaleta fujo. Naishi na hao watu kiwanja kimoja. Kila asubuhi nasalimia mama na wanawe wanane na sijui ni yupi. Nimechoka kuwachukia wote. Nikijua mmoja, nitawaachilia wale wengine."

Mama Sylvia, nikakumbuka, ndiye mjane wa Mzee Barasa, na Sylvia kifungua mimba wake. Nilikwenda kwenye kompyuta kutafuta faili, si kwa sababu nilihitaji kuitafuta. Nilihitaji kumpa mgongo. Nilikuwa nimeshaziona safu zile mbili, nane kwa nane, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nikizisoma.

"Hakuna aliyekuja," nikasema.

"Usiwafiche."

"Siwafichi. Ni mimi. Upande wa kushoto ulikuwa mrefu. Nilikuwa nasawazisha."

"Unasawazisha nini?"

"Safu."

Alinikodolea macho. Nikageuza skrini, nikamwonyesha. Nikalivuta jina lake kushoto, nikalirudisha kulia, kushoto, kulia, kama mjinga anayeeleza mchezo wa watoto. Alifuata kisanduku kwa macho.

"Kwa hivyo," akasema mwishowe, "hakuna aliyenikataa?"

"Hakuna."

Akacheka. Kicheko chenyewe, cha tumbo, mpaka akashika fremu ya dirisha. Mtu wa kuuza mayai aliyekuwa akipita akamwambia, "Sasa msupa, hiyo story tupee na sisi," naye akamjibu, "Toka, wewe, nimepata familia!"

Mnisikilize hapa, kwa sababu mkishafanya kosa mtajaribu kujifariji kwamba ukweli ukisemwa mambo hurudi yalivyokuwa. Mimi nilijifariji hivyo siku nne nzima. Nekesa alikuwa amenieleza kilichomleta: chifu alikuwa anaandika barua ya kutaja warithi wa Mzee Barasa, ile barua ambayo bila hiyo hakuna kinachoendelea, na familia ilikuwa imempelekea kijitabu cha mazishi kama orodha. Watoto wanane. Cheti cha kuzaliwa cha Nekesa hakikuwa na jina la baba. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeshatajiwa mpangaji. Lakini sasa, tulisema, kila kitu ni rahisi. Nitakwenda mwenyewe nieleze.

Nilivaa koti. Nilibeba kompyuta ndogo yenye faili. Ofisini kwa chifu tulikaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana: upande mmoja Mama Sylvia na Sylvia, upande mwingine Nekesa, Mzee Wekesa na mimi. Nikaeleza yote. Nikawaonyesha kisanduku kikienda na kurudi.

Sylvia ndiye aliyeanza. "Pole, hebu nielewe. Hapa juu umeandika 'Watoto' kwa mkono wako. Kwa herufi kubwa."

"Ndiyo."

"Ukatoa mtoto hapo ndani, ukampeleka kwa 'Jamaa'. Na hukuona?"

"Sikusoma."

"Nasikia wewe una digrii."

"Ninayo."

"Ya nini?"

"Falsafa."

Chifu alikohoa ndani ya ngumi. Hata Nekesa alitabasamu. Nilikubali kuchekwa, ningekubali kuchekwa mpaka Krismasi kama kungeisaidia barua ile.

"Mimi namwamini," chifu akasema. "Mtu hawezi kubuni ujinga wa namna hii. Mzee Wekesa, ulimwandika?"

"Nilimwandika," Wekesa akasema. "Wa tisa."

"Shemeji," Mama Sylvia akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mikono imelala mapajani. "Uliandika, sikatai. Lakini ni wewe uliyesimama pale kaburini ukasoma. Ulisema watoto ni hawa, ukawaita wanane wakasimama. Kisha ukasema ndugu na jamaa, ukamwita Nekesa mwishoni. Kwa mdomo wako. Mbona hukusimama hapo?"

Wekesa aliinamisha kichwa. "Nilishtuka nilipofika hapo," akasema. "Nikadhani ulipita dukani ukaongea na huyu fundi, ukabadilisha mawazo. Nikasema, mke wa kaka amefiwa, mimi ni nani nimwaibishe mbele ya watu?"

"Na wewe?" chifu akamuuliza Nekesa.

"Nilisikia wanaitwa, nikangoja jina langu. Likapita. Nikadhani ndivyo walivyoamua. Nikakaa na wapishi."

Nilitazama sakafu. Watu mia tatu uwanjani, kila mmoja ameshika karatasi yangu mkononi, na kila aliyeona kosa alidhani ni uamuzi wa mwenzake. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba lingeweza kuwa ni jicho la mtu wa Makadara lisilopenda mguu mrefu. Kwa nini wafikirie? Ukurasa ulikuwa umetulia mno. Ungekuwa umepindapinda, mtu angesema fundi alikuwa mlevi, wangesahihisha pale pale kwa kalamu.

Chifu akamgeukia mjane. "Mama, umesikia. Ni kosa la mashine, tuseme. Ulikuwa umekubali awali. Ukisema neno tu, naandika tisa."

Mama Sylvia hakumtazama chifu, alinitazama mimi.

"Baba Sylvia alinificha huyu mtoto miaka kumi na sita," akasema. "Nikamjua. Akaletwa nyumbani kwangu. Nikavumilia. Akafa, wakaja wazee wakanikalia siku tatu nikubali asomwe na wangu. Nikakubali. Hamjui nilivyojikaza. Nilipanda lile basi nikijiambia, Jumamosi utasikia jina hilo na hutaanguka. Njiani nikafungua kijitabu, nikaona jina haliko kwa wangu, nimeachiliwa. Sikumuuliza mtu. Nilimshukuru Mungu kimya kimya, nikalia mpaka Nakuru." Akajiweka sawa leso. "Sasa wewe unakuja na kompyuta yako unaniambia Mungu hakuwemo. Sawa. Nakuamini. Lakini kukubali nilikubali mara moja. Sina pa kuitoa ya pili."

Sylvia alimshika mama yake mkono. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, kwa tamaa, kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Chifu alieleza kwa upole kwamba barua yake hutaja wale ambao familia imewakubali, na kwamba asiyeridhika anaweza kwenda kortini, si mbali, Makadara hapo. Nekesa akatikisa kichwa.

"Nikamlazimishe nani aniite mtoto?" akasema. "Jaji?"

Barua iliandikwa. Majina manane.

Wiki hiyo nilikwenda kwa Bi. Wanjiru, ambaye siku hizi anakaa na binti yake Buruburu na haoni vizuri. Nilimweleza kila kitu. Sijui nilitaka nini kwake, labda anilaumu, au anisamehe kwa niaba ya taaluma nzima. Nikamkumbusha: usisome, finya macho, safu zimalize pamoja.

Alisikiliza mpaka mwisho, akipapasa kikombe cha uji.

"Lakini Profesa," akasema kwa mshangao wa kweli, "mimi nilikuwa napanga bei za sufuria."

Basi. Miaka ishirini na mitatu ya imani yangu ilikuwa ni orodha ya sufuria. Alikuwa sahihi, kwa sufuria. Mimi ndiye niliyeibeba kanuni ile hadi makaburini bila kumuuliza kama ilitengenezwa kwenda mbali hivyo.

Nilijaribu kuendelea na kazi. Nilianza kusoma kila kitu, kila jina, kwa sauti, na kidole. Nikawa fundi mbaya. Kurasa zangu zilikuwa na miguu mirefu na mifupi kwa sababu sikuthubutu kusogeza chochote, na wateja wakaanza kwenda kwa vijana wanaopanga kwa simu, violezo tayari, dakika kumi. Siwalaumu. Katika violezo hivyo nafasi za majina zimeshachorwa, nane kushoto na nane kulia, na nimeona mkikata ya tisa kwa sababu kiolezo hakina mahali pake. Mimi angalau nilimpeleka upande wa pili.

Mara ya mwisho Nekesa alipokuja dirishani, alikuwa amehama Kayole. Amepata chumba Mukuru kwa Njenga, akasema, karibu na kiwanda, anatembea dakika ishirini tu. Hakuwa amekuja kwa ajili yangu. Alikuwa anapita na mfuko wa viazi. Lakini mimi nilikuwa nimemwandalia kitu tangu siku ya chifu, na nikamwomba asubiri.

Nilikuwa nimekitengeneza kijitabu chote upya. Karatasi nzuri, nzito. Ukurasa wa familia nilikuwa nimeupanga kwa mkono, bila kitufe hata kimoja: watoto tisa kushoto, jamaa saba kulia, na upande wa kushoto ukining'inia chini kwa mistari miwili, waziwazi, mtu yeyote auone. Nilichapa nakala moja.

Aliweka mfuko chini, akajipangusa mikono kwenye sketi. Aliutazama ukurasa kwa muda, akapitisha kidole kwenye majina yote, Sylvia wa kwanza, wengine saba, mpaka akafika kwake.

"Ni nzuri," akasema. "Umefanya vizuri, Profesa."

"Ichukue. Ni yako."

Alikifunga taratibu, akamtazama baba yake na kofia ya reli, akakifungua tena pale pale kwenye majina.

"Sasa," akaniuliza, bila uchungu wowote, kama mtu anayeuliza gari la kwenda mahali fulani, "nani atasimama aisome?"

Nilikuwa na digrii na miaka ishirini na mitatu ya kazi. Nilisimama pale dirishani, mikono juu ya ubao. Kisha akainua viazi vyake, akaniachia kijitabu, akaenda.